Askari wa Kuazima

Mzee Ambakisye Mwaisumo hakuwahi kukaa chumba kimoja na mkamwana wake mlango ukiwa umefungwa. Hakuwa na chuki naye. Alimpenda, na majirani wote walilijua hilo. Ila alilelewa Tukuyu na babu aliyemfundisha kwamba mke wa mwanao humkazii macho wala humwiti kwa jina, na mkikutana njiani mnapishana. Miaka ilikwenda, mabasi ya Mbeya yakaanza kujiendesha yenyewe, watoto wakasomeshwa na walimu wasio na miili, lakini mzee akitaka chumvi mezani alimtuma mjukuu: mwambie mama yako anisogezee chumvi. Tupokigwe, mkamwana mwenyewe, aliizoea desturi hiyo hata akaipenda. Asubuhi za baridi alikuta skafu yake ya kuchujia hewa imekwisha kung'utwa masizi na kutundikwa mlangoni, na hakuna aliyesema ni nani aliyeing'uta.

Kwa hiyo siku mzee alipofikishwa wodini, akihema juu juu na midomo imeanza kuwa ya buluu, na ikawa mtaalamu pekee wa mapafu aliyekuwapo ni Tupokigwe, tatizo la kwanza halikuwa nimonia. Tatizo lilikuwa shati. Mzee hakukubali kulivua.

Mkewe, Bi. Sekela, ndiye aliyeamua. Alifungua kitenge chake kimoja, akakishika kwa mikono miwili kati ya mumewe na mkamwana kama anayeanika nguo, akamwambia mzee avue sasa, hakuna anayemwona. Tupokigwe akapitisha mkono chini ya kitenge huku uso ameugeuzia ukutani, akabandika kioo cha kifua kwa kupapasa.

"Hivyo sawa," mzee akamwambia mkewe. "Mwambie aendelee."

Kioo cha kifua kilikuwa kibamba chembamba mfano wa sahani ya chai. Kikigusa ngozi kiliona ndani ya pafu mpaka kwenye vile vifuko vidogo vya hewa, na kuonyesha ukutani seli moja moja zinavyotembea. Tupokigwe alikuwa amekwisha kuona mapafu mengi ya majira yale. Mbeya imekaa kama ndani ya bakuli, milima pande zote, na baridi ya Julai ikishuka hulifunika bakuli lile kwa juu. Moshi wa mkaa, moshi wa mashamba yanayochomwa, moshi wa dampo la zamani lililokuwa likiungua chini kwa chini, wote ulikwama pale pale mpaka mvua ije. Taa za barabarani zinazopima hewa zilikuwa za zambarau, rangi ya hatari, tangu mwezi uliopita, na Loleza, mlima ulio juu ya mji kabisa, haukuonekana. Hata hivyo hakuwa ameona kifua cheusi namna ile.

Bi. Sekela, bado ameshika kitenge, aliuliza wale weusi waliojikunyata ni nini.

"Ndio askari wake, mama," Tupokigwe akasema. "Kila pafu lina askari. Kijidudu kikiingia wanakimeza, wanakisaga, kimekwisha. Lakini masizi nayo wanayameza, na masizi hayasagiki. Wanabaki wameshiba, wamekaa. Vijidudu vya nimonia vinapita mbele yao kama hawavioni."

Akaendelea kumweleza polepole, kwa sababu aliona mama mkwe anataka kujua kweli, si kutulizwa. Kwamba vinyweleo vinavyofagia uchafu njiani kabla haujafika pafuni navyo vilikuwa vimelala kwa moshi. Kwamba damu, ilipoona askari wa ndani hawafanyi kazi, ilituma kikosi kingine, na kikosi hicho kilipigana kwa hasira bila kuchagua, kikajaza maji mle mle ambamo mzee alitakiwa kuvutia hewa. Dawa ziliua vijidudu, lakini vilivyobaki vilizaliana upya, kwa kuwa hapakuwa na wa kuvimaliza.

Bi. Sekela alitazama ukuta kwa muda. Kisha akauliza kama askari wa mtu huazimwa. Alisikia watu sokoni wakisema huazimwa.

*

Huazimwa kweli. Ilikuwa ndiyo kazi aliyosomea Tupokigwe. Anayeazimisha hulazwa, pafu lake moja huoshwa kwa maji ya chumvi yenye joto la mwili, na maji yanaporudi huwa yamebeba askari wake. Hao hupelekwa kwenye mtambo ambao manesi waliupa jina la jando, kwa sababu mle ndani hufundishwa: huonyeshwa kijidudu cha mgonjwa, na hufutwa alama ya mwili walikotoka ili mwili mpya usiwachinje mlangoni. Kisha mgonjwa huwavuta kama mvuke.

Lakini jando halikufuta kila kitu. Askari walishika pale tu walipoingia kifua cha mtu aliyeishi nyumba moja na mwenye askari hao kwa miaka mingi, wakavuta hewa moja na kuambukizana mafua yale yale. Kwa hiyo wa kupimwa walikuwa wachache. Ipyana, mume wa Tupokigwe, alikuwa fundi wa kuchomelea huko Tunduma, na askari wake walikuwa weusi karibu kama wa baba yake. Tupokigwe mwenyewe hakuruhusiwa, kwa kuwa mfanyakazi wa wodini hubeba kifuani vijidudu sugu. Akabaki Bi. Sekela. Aliacha kupikia mkaa tangu alipozaliwa mjukuu, na kifua chake kilikuwa kimepata nafasi ya kuzaa askari wapya. Hawakuwa wengi. Walitosha mtu mmoja.

Hapo ndipo palipokuwa na ugumu. Pafu lililooshwa hurudisha askari wake, lakini kwa mtu wa umri wa Bi. Sekela huchukua miezi, na miezi hiyo ilikuwa ya moshi. Angetembea katika mji wenye taa za zambarau na kifua kisicho na mlinzi.

Tupokigwe alimweleza mama mkwe yote hayo kandoni, akidhani mzee amesinzia. Mzee hakuwa amesinzia. Alisogeza kitenge kwa mkono wake mwenyewe, akamtazama mkamwana wake usoni.

"Tupokigwe," akasema. Hakuwahi kulitamka jina hilo. "Mke wangu usimguse. Umenisikia?"

Tupokigwe aliitika kwamba amesikia. Mzee akarudisha kitenge mahali pake, akafumba macho. Kufikia adhuhuri pumzi ilikuwa imemshinda, wakamvisha kofia ya hewa, ile ya kioo inayofunika kichwa mpaka mabegani, na wakamchoma dawa ya kumlaza ili asipigane nayo.

*

Jioni ile Bi. Sekela alimfuata Tupokigwe kwenye chumba cha manesi, akafunga mlango, akakaa. Alikuwa mwanamke mpole ambaye Tupokigwe hakuwahi kumsikia akiamrisha mtu. Alisema mumewe amelala na hasikii. Alisema askari ni wake yeye, hawakuwa wa Ambakisye, na kama angetaka kumpa mtu viazi vyake vya shambani nani angemzuia? Akasema wafanye upesi. Mzee akiamka aambiwe amepatikana mtu mwingine.

Ipyana naye alipiga simu kutoka Tunduma, sauti yake imekauka. Aliunga mkono mama yake. Baba akipona atasamehe, alisema, na asiposamehe angalau atakuwa hai wa kutosamehe. Daktari mkuu wa wodi, alipoulizwa, alijibu kwa kifupi kwamba sheria inalitambua neno la mwisho la mgonjwa, mpaka mgonjwa mwenyewe alibadilishe. Kisha akaongeza, bila kumtazama Tupokigwe, kwamba hakumsikia mzee akitamka neno lolote. Waliosikia ni Tupokigwe na mama mkwe wake.

Kwa maneno mengine, angeweza. Hakuna ambaye angejua.

Alitoka akasimama kwenye ukumbi wa dirisha kubwa. Nje taa za magari zilipita ndani ya moshi kama samaki katika maji machafu. Alimfikiria mzee akifa, akaona hawezi kulivumilia. Alifikiria nyumba yao asubuhi, mlango usio na skafu. Halafu akafikiria namna mzee alivyolitamka jina lake. Mtu yule alivunja desturi ya maisha yake yote ili aseme sentensi moja, na akamchagua yeye wa kumwambia. Kama angeikanyaga, kila kikombe cha chai ambacho angemwandalia kuanzia siku hiyo kingekuwa na uongo ndani yake. Angemponya, kisha angemwibia.

Palikuwa na njia moja tu ya tatu, nayo ilikuwa ya hatari. Wangepunguza dawa ya usingizi, mzee aamke, aulizwe tena akiwa na akili zake, na mkewe awepo amjibu. Lakini mgonjwa anayeamka ndani ya kofia ya hewa huhangaika, na kila kuhangaika hula pumzi. Angeweza kufa wakati wanamuuliza.

Alirudi akamwambia mama mkwe. Bi. Sekela aliweka mikono mapajani.

"Ukimwamsha akasema hapana tena?" akauliza.

"Basi itakuwa hapana, mama."

"Na utaweza kukaa na hapana hiyo?"

Tupokigwe alisema hajui. Bi. Sekela akamtazama, akaona machozi, akainuka akamfuta kwa ncha ya kitenge kama anavyomfuta mjukuu wake.

"Haya," akasema. "Mwamshe. Huyo mtu nimeishi naye. Namjua pa kumshika."

*

Walimwamsha asubuhi, mwanga ulipotosha. Kioo kilikuwa bado kifuani na ukuta ulionyesha kila kitu, pumzi fupi fupi, vifuko vilivyojaa maji, askari weusi wamekaa. Macho ya mzee yalizunguka kwa hofu mpaka yalipompata mkewe, yakatulia. Tupokigwe alifungua kidirisha cha kofia ili sauti ipite, akataka kuondoka chumbani, maana maneno ya wakwe hayamhusu. Lakini ilibidi ashike kitufe cha dawa ya kumrudisha usingizini. Akageuka akatazama ukuta.

Bi. Sekela alisema amekuja kumwomba ruhusa. Mzee akatikisa kichwa. Yakamtoka maneno moja moja, na katikati ya kila moja kofia ilimsukumia hewa. Kwamba alichoma matofali tangu ujana mpaka serikali ilipofunga matanuri. Kwamba kila jioni alirudi nyumbani na moshi kwenye nguo, kwenye nywele, akaulaza kitandani kwake. Mkewe aliuvuta kwa sababu yake.

"Nilikupa moshi," akasema. "Sasa nikunyang'anye na askari?"

Ukutani mstari wa oksijeni ulianza kushuka. Tupokigwe aliweka kidole kwenye kitufe, akasubiri.

Bi. Sekela hakupandisha sauti. Alivuta kiti mpaka goti lake likagusa kitanda.

"Ambakisye, tanuri lile kuni alikuwa analeta nani? Nani alikaa kulinda moto ulipokwenda kwenye msiba wa kaka yako? Unazungumza kama vile mimi nilikuwa napita njia. Usinifanye mgeni katika maisha yangu. Moshi ule ulikuwa wetu, na nyumba tuliyoijengea ilikuwa yetu, na hawa askari ni wetu. Sikuombi unipe kitu. Naomba usinikatalie changu."

Mzee alifumba macho. Mstari ukashuka tena, na Tupokigwe akahesabu kimoyomoyo, akijua akifika mwisho wa hesabu atabonyeza, na mazungumzo yatakuwa yameishia hapo yalipoishia. Mzee akayafumbua.

"Basi usikae mji huu," akasema. "Nenda Isyonje kwa dada yako. Mpaka mvua."

Bi. Sekela aliuliza nani basi atamwogesha, nani atamlisha, ikiwa yeye atakuwa huko juu Isyonje akila viazi.

Mzee alihangaika kugeuza kichwa ndani ya kofia. Tupokigwe alihisi anatazamwa, naye akageuka.

"Huyu," mzee akasema.

Tupokigwe akabonyeza kitufe.

*

Kazi yenyewe ilikwenda vizuri. Bi. Sekela alilazwa, pafu lake la kushoto likaoshwa, na maji yakatoka ya rangi ya maziwa yenye vumbi kidogo. Askari walikaa jandoni mpaka kesho yake. Walipopulizwa kifuani mwa mzee, Tupokigwe alivuta kiti mbele ya ukuta akakaa kuwatazama. Walikuwa weupe, wakubwa, na waliingia polepole kama wageni wanaotafuta pa kukaa. Kwa muda mrefu hawakufanya lolote. Kisha mmoja akajinyoosha, akagusa kijidudu, akakizunguka. Mwingine akafuata. Homa ya mzee ilipanda sana, halafu ikaanza kushuka, na kile kikosi cha hasira kilichotoka kwenye damu kikapungua, kana kwamba kimeona kuna wanaojua kazi.

Bi. Sekela aliondoka kwenda Isyonje kabla mumewe hajaamka. Tupokigwe ndiye aliyemfunga skafu, mara mbili, mpaka chini ya macho, na kumpakia kwenye gari. Mama mkwe alimwachia maagizo mengi kuhusu uji.

Zikafuata wiki ambazo Tupokigwe hakuzisahau. Mgonjwa wa nimonia anayepona lazima apigwe mgongo, kwa kiganja kilichokunjwa kama kikombe, ili makohozi yang'oke. Asubuhi na jioni alimpiga baba mkwe wake mgongo. Mwanzoni mzee alijifunika shuka kichwani ili angalau asionwe uso. Baadaye shuka ikabaki mabegani. Kisha siku moja, katikati ya kupigwa, alimuuliza moja kwa moja, bila mjukuu wala mtu wa katikati, kama na wagonjwa wengine huwapiga kwa nguvu hivyo au ni yeye tu. Tupokigwe alicheka mpaka akaacha kupiga. Mzee naye akacheka, akakohoa, na kilichotoka kilikuwa cheusi. Wakakitazama wote wawili kwenye beseni.

Mzee alikuwa amekwisha kurudi nyumbani wakati simu ilipotoka Isyonje. Bi. Sekela alikuwa na homa na kikohozi. Dada yake alisema ameanza jana.

Tupokigwe alijua alichokifanya. Aliwaondoa walinzi mlangoni, na sasa mwizi amekuja. Alifunga kioo cha kifua ndani ya mkoba, na kabla ya kuondoka alisimama mlangoni mwa baba mkwe. Angeweza kusema anakwenda kazini. Alimwambia kweli. Mzee alijaribu kuinuka, miguu ikamkataa, akakaa tena kitandani.

"Nenda," akasema. "Nenda, mwanangu. Mwambie nimekunywa uji."

Barabara ilipanda, na mahali fulani kwenye kona za mlima moshi ukaisha kama uliokatwa kwa kisu. Tupokigwe alishusha skafu. Hewa ilikuwa kali na safi mpaka ikamuuma puani. Alimkuta mama mkwe kitandani chini ya mablanketi, macho mekundu, anamlaumu dada yake kwa kupiga simu. Akambandika kioo. Kwa kuwa hapakuwa na ukuta wa kuonyeshea, aliinamisha uso akatazama ndani ya kibamba chenyewe.

Kijidudu kilikuwepo, kile kile cha mzee. Askari walikuwa wachache, wametawanyika. Lakini hawakuwa na masizi ya kumeza. Wachache wale walikuwa na kazi moja tu, nao walikuwa wakiifanya. Vinyweleo vilifagia bila kuchoka. Vifuko vya hewa vilikuwa vikavu, isipokuwa kona moja ya chini. Tupokigwe alitazama mpaka kioo kikapata ukungu wa pumzi yake. Katika mji wa taa za zambarau mama huyu angekuwa amekwisha kuvishwa kofia. Hapa alihitaji dawa, supu, na kulala. Alibaki naye mpaka homa iliposhuka, kisha akatoka nje kumpigia simu mzee.

*

Mvua zilikuja mwezi wa Novemba. Zilipiga siku kadhaa mfululizo, mifereji ya Mbeya ikakimbiza maji meusi, na asubuhi moja watu walitoka nje wakasimama barabarani kuutazama Loleza. Jumapili iliyofuata, Ipyana aliyekuwa amekuja likizo aliwapeleka baba yake na Tupokigwe Isyonje.

Bi. Sekela alikuwa shambani kwa dada yake, amekalia gunia, anachambua viazi. Alikuwa amepungua mwili. Hakukimbia kuwalaki. Alimngoja mumewe avuke matuta yote, akimwangalia anavyohema, na alipofika akamwinamisha, akaweka sikio kifuani mwake mbele ya watoto wao bila aibu yoyote. Akasikiliza upande mmoja, akahamia wa pili.

Tupokigwe alimpima mama mkwe baadaye, akamweleza ukweli wote. Askari walikuwa wakirudi, ila hawajajaa, na hangeshauri akae mjini majira ya baridi yajayo. Pengine hata yale yatakayofuata. Bi. Sekela alisema amekwisha kujua hilo bila kioo. Hatarudi. Akasema Ambakisye ana nyumba yake Mbeya, ana kiti chake barazani, ana wazee wenzake wa bao, na haoni haki kumng'oa huko uzeeni. Watatembeleana.

Ipyana alianza kusema jambo kuhusu mabasi. Mzee hakuwa akimsikiliza. Alikuwa ametazama bonde lililokuwa chini yao, kisha lile rundo la viazi, kisha mkewe.

"Vibovu mnaviweka wapi?" akauliza.

Bi. Sekela akamwonyesha kikapu. Mzee akamwomba mkamwana wake amsaidie kuketi, akavuta rundo karibu, akaanza kuchambua.